Mtu wa Shimoni kwenye Shuka la Kanji

Haya jamani, sogeeni. Sogeeni, sing'ati, meno yenyewe yamebaki matatu na hayaongeleshani. Wewe mwenye sahani kula huku unasikia, masikio hayatafuni. Nyie wajukuu mliotoka Kalangalala mkafika leo na basi lenu lililokufa njiani mara tatu likafufuka, nimewasikia mnanong'onezana tangu asubuhi: eti jana makaburini watu walicheka? Ndiyo, walicheka. Walicheka mpaka mchimba kaburi mmoja akaangusha koleo. Mimi nilicheka mpaka kikohozi kikanibana, wakanikalisha juu ya udongo wa marehemu mwenyewe. Mnaona aibu babu yenu Masanja kuzikwa kwa kicheko. Basi hamumjui babu yenu. Na kicheko cha jana huwezi kukielewa bila kuujua mwaka mmoja, ule mwaka wa sinema ya Kanji hapa Shinyanga, miaka ya hamsini mwanzoni, Mwingereza bado yupo, mimi na Masanja tunabeba gunia la pamba kila bega na la tatu tunalining'iniza kwenye meno. Nikiongeza chumvi mnisamehe. Msiponisamehe ni shauri yenu, mimi nimeshashiba.

Mambo ya nani alinizaa na alikuwa na ng'ombe wangapi tuyaache, hayo hayaliwi. Tuanze na ghala. Kanji alikuwa Mhindi mwenye duka, kazaliwa hapa hapa, Kisukuma anakiongea kuliko mimi. Wiki nzima ghala lake lilikuwa la pamba. Jumamosi marobota yanasukumwa pembeni, linatundikwa shuka jeupe kubwa, madirisha ya bati yanafungwa, na watu mia tano wanaingia mahali pa watu mia. Nzi wenyewe walisubiri nje wakikosa nafasi. Onyesho la sisi weusi lilianza saa nane mchana likaisha saa kumi na moja kamili, siyo na dakika moja, kwa sababu baada yetu wanaingia Wahindi na Wazungu wa bomani na viti vyao vya kukunja, na ghala lilitakiwa lipulizwe marashi kwanza kuondoa sisi. Filamu na kubadilisha mikanda ilikula saa mbili na nusu. Nusu saa inabaki ya kugombania mahali pa kukaa na ya matangazo: kipande cha kioo kilichochorwa sabuni, Kanji anakichomeka kwenye mashine, sabuni inatokea kwenye shuka kubwa kama nyumba, anachomoa, anachomeka majani ya chai, kwisha. Ilikuwa kama kupiga chafya. Hesabu ya muda ilikaa sawa miaka na miaka, mpaka dini ilipoingia.

Kazi yangu mimi ilikuwa kusimama kando ya shuka na fimbo, nawaeleza watu kinachosemwa. Kiingereza nilikijua maneno mawili, moja la kukubali na moja la kufukuza mbwa. Lakini hadithi haihitaji lugha, inahitaji kifua. Mzungu kwenye shuka akitamka neno moja, mimi natoa maelezo ya dakika tatu. Mzungu akiongea dakika tatu, mimi nasema, "Amekataa." Watu wanaridhika. Hata sura niliwapa majina ya kwetu, mtu mbaya wa filamu nilimwita jina la mtoza kodi wa mtaani kwetu, watu wanapiga makofi akipigwa ngumi. Nilikuwa na jina mjini, nyie. Nikipita sokoni kina mama wanauliza, "Shija, Jumamosi hii anakufa nani?"

Sasa Masanja alikuja kukaa na mimi mwaka huo. Nilikuwa nimepanga chumba Ngokolo, chumba cha udongo, kidogo mpaka mmoja akitaka kugeuka kitandani mwingine anatoka nje kwanza. Alitoka Geita, kwenye mgodi mmoja wa dhahabu alikokuwa anachimba, akaja na mguu umefungwa mbao, mwembamba kama mpini. Mbao za kuzuia dari la shimo zilikatika, wakabaki chini wawili, yeye na mwenzake mmoja wa Kahama aliyeitwa Kasuka. Siku mbili, giza, na maji yanapanda. Walio juu wakachimba wakamfikia Masanja. Kasuka hawakumfikia. Hayo alinisimulia mara moja tu, tunakula matobolwa, vile viazi vya kukausha, na karanga, akamaliza kusimulia akasema, "Viazi vya leo vimeiva vizuri," hakurudia tena. Lakini usiku alikuwa anaamka anapapasa dari. Na mgodi walimpa ruhusa ya kupona, mwezi na nusu, halafu lori la nyapara litapita Shinyanga siku ya Jumatatu kuwachukua watu wa kurudi. Asiyepanda, kazi imekwenda. Na wakati ule kazi ya mgodini ndiyo ilikuwa kazi. Mtu alikwenda na miguu akarudi na baiskeli.

Jumamosi ya kwanza nikampeleka sinema apoze roho. Nikampandisha kwenye robota la pamba mbele kabisa, mguu kaunyoosha, na binti muuza karanga, Mbula, kakaa karibu yake na ungo wake. Filamu mpya, ya kukaa kwa Kanji wiki sita, imeshuka na treni kutoka Mwanza siku hiyo hiyo. Mzungu mmoja anatafuta dhahabu milimani. Mimi naeleza, nacheka, natukana. Mara yule Mzungu anaingia shimoni na taa, mbao zinalia, dari linaanguka, anabaki chini peke yake na maji yanaanza kuchuruzika ukutani. Nikasikia kitu kimenishika mkono. Masanja, kanikamata mpaka leo nina alama, hii hapa, hapana, hii nyingine, hii ya mbuzi. Anatazama shuka. Na hapo hapo, tap! Mashine imezimwa, madirisha yamefunguliwa, saa kumi na moja. Watu wakazomea mpaka bati likatetemeka. Kwa nini filamu haikwisha? Kwa sababu Jumamosi ile ndiyo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza tangazo la kanisa.

Katekista Yohana alikuwa mtu mwema, nisimseme vibaya, mwembamba, na baiskeli yenye kengele kubwa kuliko ya kanisa. Yeye ndiye alikuwa akija Ngokolo kumsafisha Masanja kidonda na dawa ya misheni. Aliona watu wanajaa kwa Kanji kuliko kwake, akachora kanisa kwenye kioo, kengele juu, maandishi chini, akampelekea Kanji. Kanji mfanyabiashara, anamkatalia vipi mtu ambaye waumini wake wote wananunua chumvi kwake? Akaonyesha. Kama ingekuwa kuonyesha tu, sawa. Lakini katekista akasimama mbele ya shuka, kengele inamulika usoni kwake, akasema, "Ndugu zangu, neno moja tu." Enyi watu! Lile neno moja lilikuwa na mkia kama wa kenge. Saa nzima.

Jioni ile ile akapita kumwona mgonjwa, na Masanja, ambaye alikuwa si wa kanisa wala si wa msikiti, akamuuliza kwa adabu. "Shikamoo katekista."

"Marahaba, mwanangu. Mguu unaendeleaje?"

"Mguu unaendelea. Nauliza kitu. Mimi nimewahi kuja kanisani kwako kutazama harusi. Sikuona pale mbele umebandika tangazo la sinema. Kwa nini sinema ya Kanji iwe na tangazo la kanisa?"

Katekista akacheka. "Masanja, wewe umechunga. Chumvi ya ng'ombe unaiweka wapi? Unaiweka walipo ng'ombe. Huiweki nyumbani ukangoja waje kubisha hodi."

"Sawa. Lakini ng'ombe akiwa katikati ya kunywa maji humvuti mkia umpe chumvi."

Katekista akaosha kidonda haraka haraka.

Habari ikamfikia Maalim Sefu. Huyu alikuwa mwalimu wa madrasa na fundi cherehani, tena lile shuka la sinema alilishona yeye mwenyewe. Yeye naye ni mtu mwema, kila asubuhi alikuwa akimletea Masanja uji wa mtama kwenye kopo. Akaja na kopo lake, ananiambia mimi kwa hasira kama vile ghala ni la kwangu. "Shija, jina la Mungu halikai kwenye kitambaa ambacho dakika moja baadaye anapita mwanamke kavaa nusu gauni! Nakijua kitambaa kile, nimekishona mwenyewe. Dini haina mahali mule ndani."

"Maalim, hapo umesema kweli tupu," Masanja akarukia. "Mwambie Kanji."

"Nitamwambia." Akakorogakoroga uji. "Lakini kama la kwao litabaki, watoto wangu wa madrasa wataniuliza, maalim, la kwetu liko wapi? Nitawajibu nini?"

Nilimwona Masanja anafumba macho kama mtu aliyemeza kwinini. Jumamosi ya pili, vioo vilikuwa viwili.

Na hapa, wajukuu, nafika mahali ambapo mkosaji ni mimi. Nimejaribu miaka yote kumtafuta mkosaji mwingine, simpati. Kanisa lilipotokea kwenye shuka, Wakristo wakatulia. Msikiti ulipotokea, Waislamu wakatulia. Wale wengine, na ndio waliokuwa wengi, wachungaji na wakulima wa vijijini waliokuja mjini kuuza ngozi, wakawa wanageuza shingo hawajui wafanye nini. Ghala zima kimya. Na mimi kimya kinaniwasha kama upupu. Nikapiga fimbo chini, nikapaza sauti: "Haya! Kengele huku kulia! Mnara huku kushoto! Leo tuone nani ana watu!"

Mnajua ngoma zetu za mavuno. Kundi la Wagika linasimama upande huu wa uwanja, la Wagalu upande ule, zote mbili zinapigwa kwa wakati mmoja, na jaji hakuna. Jaji ni miguu ya watazamaji. Ukivutiwa huku unakimbilia huku, kule kukichangamka unakimbilia kule, na mwisho mwenye watu wengi ndiye kashinda. Basi niliposema vile, wale watu wa vijijini uso ukawang'aa. Kumbe! Kumbe hii ni ngoma! Kwa nini hamkusema? Wakainuka na vigoda vyao, mia mbili wakatimka kulia, mara kwaya ya katekista ikaanza kuimba kujitetea, mara watoto wa madrasa wakajibu na dufu, watu mia tatu wakatimka kushoto, vigoda juu ya vichwa, mzee mmoja kabebwa na umati hajui yuko dini gani. "Rudia kengele!" "Rudia mnara!" Kanji anachomeka kioo, anachomoa, jasho linamtoka. Karibu saa nzima. Filamu ikaanza, Mzungu akaingia shimoni, maji yakafika goti, tap! Saa kumi na moja.

Jumamosi ya tatu kwaya ilikuja na nyimbo nne mpya, kwa hiyo maji yalirudi kwenye kifundo cha mguu. Ya nne watoto wa madrasa walikuwa na mafua, tukapata maji ya kiuno. Ya tano alikuja kiongozi wa wachezaji nyoka, anasema kama ngoma za watu wawili zinaonyeshwa kwa Kanji na yake ionyeshwe. Akaulizwa kioo chake kiko wapi. Akasema hana kioo, akafungua gunia akatoa chatu. Nyie! Chatu yule alikuwa anaanzia hapa na kuishia kituo cha treni. Lile ghala la watu mia tano lilibaki na watu watano, mimi, Kanji aliyeshikwa na mashine yake, chatu, mwenye chatu, na Masanja ambaye mguu haukumruhusu kukimbia. Masanja hakumtazama chatu hata. Anatazama shuka tupu, anauliza, "Kanji, si uendelee? Mimi nimekaa."

Mtasema, kwa nini usiende kumuuliza Kanji mwisho wake ukaishia hapo? Nilikwenda. Kanji akanijibu, "Nikikwambia mwisho utausema mjini, na ukiusema nani atakuja Jumamosi?" Nikamwambia basi weka filamu kwanza, dini baadaye. Akacheka. "Shija, wakishaona mwisho watatoka. Katekista atamtangazia nani, panya?" Nikasema nitajitegemea. Baada ya onyesho letu nikazunguka nyuma ya ghala, kuna tundu kwenye bati, nikaweka jicho. Kumbe mbele ya tundu kakaa Bwana Shauri wa bomani, yule Mzungu wa serikali. Filamu nzima nikaangalia kisogo cha Bwana Shauri, mpaka leo ningekiona ningekitambua. Lakini masikio yalikuwa yangu. Nikasikia maji, nikasikia mtu anapiga kelele, halafu wazungu wote wakapiga makofi. Nikakimbia mpaka Ngokolo, nagonga mlango. "Masanja! Wamepiga makofi!"

"Wamepiga makofi kwa sababu katoka, au kwa sababu kafa vizuri?"

Akageukia ukuta. "Hao hupiga makofi hata wakiletewa chai."

Mbula alikuwepo, kaleta karanga za bure, siku hizo alikuwa anapita kila siku na karanga za bure mpaka nikajiuliza anaishi kwa kuuza nini. Akamwambia, "Masanja, ile ni picha tu. Si kweli."

Masanja akamjibu, nakumbuka maneno yote na haya siyaongezi hata punje. "Najua ni picha. Kule chini tuliambiwa kila siku kwamba mbao ni imara. Nimechoka kuambiwa. Nataka nimwone mtu mmoja tu, kwa macho yangu, anatoka kwenye maji. Hata wa picha. Nikimwona, Jumatatu napanda lori."

Basi sikulala. Jumamosi ya sita ndiyo ilikuwa ya mwisho, Jumatatu inayofuata lori la nyapara, na Jumapili mikanda inarudi Mwanza na treni. Siku ya Ijumaa nikaenda kwa katekista, nikapiga magoti kwenye mahindi yaliyoanikwa, nikamwambia, nyamaza kesho tu, siku moja, kwa ajili ya mgonjwa wako. Akaguswa, machozi yakamlenga. "Mwanangu, nitanyamaza. Lakini na Sefu anyamaze." Nikaenda kwa Maalim, nikakuta anashona, nikamwambia hivyo hivyo. Akasimamisha cherehani. "Kwa ajili ya Masanja nanyamaza hata mwezi. Lakini Yohana naye anyamaze kweli." Nikakimbia kati ya nyumba mbili zile mara saba, nyayo zangu zikafanya barabara ambayo baadaye halmashauri iliweka lami. Mwisho wakakubaliana: hakuna kioo, hakuna kwaya, hakuna dufu, na kila mmoja atakuja mwenyewe kukaa ghalani kuhakikisha mwenzake kanyamaza.

Saa nane kamili Jumamosi, Masanja kakaa kwenye robota lake, Mbula pembeni. Katekista kulia, Maalim kushoto, wamefunga midomo kama wenye jino bovu. Sabuni ikatokea, ikapita. Chai ikatokea, ikapita. Kanji akaweka mkanda. Ndipo mzee mmoja wa kijijini, aliyetembea tangu alfajiri na kigoda chake, akasimama. "We Shija! Ngoma iko wapi?"

"Leo hakuna ngoma, baba. Leo filamu."

"Tumelipia ngoma na filamu! Mimi nimekuja na wake zangu wawili, mmoja wa kengele mmoja wa mnara. Nitarudi niwaambie nini majirani, nani kashinda?"

Ghala zima likalipuka. Ngoma! Ngoma! Vigoda vinagongwa chini. Katekista akaona aibu, akasimama kuwatuliza, na mtu huyo, wallahi, nia yake ilikuwa njema. "Ndugu zangu, tulieni. Leo, kwa hiari yetu, hatutangazi. Leo hatutasema kwamba ibada ni Jumapili saa tatu. Hatutasema kwamba kwaya imepata ngoma mpya. Wala hatutamtaja padri mgeni atakayefika mwezi ujao—"

"Yohana!" Maalim kashainuka. "Hayo siyo kunyamaza!"

"Nawaeleza kwamba sitangazi!"

"Basi na sisi hatutangazi! Hatutasema kwamba madrasa inapokea watoto bila kujali kabila! Hatutasema kwamba Ijumaa kutakuwa na pilau!"

Aliposema pilau, ghala lote likatimka kushoto. Kwaya kuona hivyo ikaimba bila kuambiwa. Dufu sijui lilitoka wapi, nadhani lilikuwa ndani ya kanzu. Mimi nikapanda juu ya marobota nikapiga kelele, nyamazeni, jamani nyamazeni, na watu wakashangilia, wakadhani nahamasisha, maana mimi siku zote ndiye niliyekuwa nahamasisha. Hiyo ndiyo adhabu ya mchekeshaji, siku akilia watu wanashika mbavu. Robo saa ya filamu imekwenda. Filamu ikaanza, sikueleza hata neno, Kanji mwenyewe alikuwa anaharakisha mikanda. Dari likaanguka. Maji goti, maji kiuno, maji kifua, tulikuwa hatujawahi kufika kifua. Ghala kimya, hata katekista kakaza macho, hata Maalim. Maji kidevu. Kamba inashuka kutoka juu, polepole, na yule Mzungu anainua mkono.

Tap.

Jua likaingia. Masanja alikuwa kashasimama kwa mguu mmoja. "Kanji. Dakika tano."

"Saa kumi na moja, Masanja. Bwana Shauri yuko mlangoni na kiti chake." Na sauti ya Kanji ilikuwa ndogo, namwamini kwamba aliumia.

Masanja akawageukia wale wawili. Hakufoka, na heri angefoka. "Wewe umeniosha kidonda. Wewe umeninywesha uji. Sitasahau. Lakini kitu nilichowaomba kilikuwa kimoja, na hakikuwa na gharama. Niliomba mnyamaze."

Katekista akaanza, "Mwanangu, Mungu atakuonyesha—"

"Anionyeshe mwisho kwanza."

Jumatatu lori likasimama pale sokoni, watu wa mgodini wanapanda na masanduku yao. Nyapara akaita jina la Masanja mara ya kwanza. Masanja kasimama na kifurushi chake, hapandi, haondoki. Mimi nikaona rafiki yangu anakosa kazi, nikamnong'oneza, "Katoka. Jana nilimwuliza mtu aliyekuwa ndani. Kamba ilimvuta, katoka, tena akaoa."

Akanitazama, kwa upendo kabisa. "Shija, wewe ulishawahi kuniambia umeua chui kwa kofi."

Nyie, nimesema uongo mwingi duniani na wote watu waliupokea kwa mikono miwili. Ule mmoja niliotaka uaminiwe ndio ukarudishwa. Nyapara akaita mara ya pili. Mbula, na ungo wake kichwani, akasema kwa sauti ya chini, "Usipande." Akaita mara ya tatu, lori likaondoka.

Ningependa kuwaambia kwamba shimo lilianguka na Masanja akaokoka. Halikuanguka. Wenzake walirudi mwaka uliofuata, wanono, na baiskeli, mmoja na redio. Masanja akalima pamba na jembe la mkono maisha yake yote, na kila baiskeli ilipopita shambani alikuwa anasema, "Ile ni ya kwangu, wanaiendesha katekista na maalim." Miaka mingi baadaye Kanji akifunga duka, Masanja alimfuata na mkongojo, akamuuliza ule mwisho. Kanji akamshika mkono. "Masanja, sikuwahi kuuona. Kile chombo kikishaanza kunguruma mimi nasinzia mpaka mkanda uishe." Na dini? Kila mchungaji na kila shehe aliyepiga hodi kwake alipewa kigoda, maji ya kunywa, na jibu moja: "Nionyeshe mwisho kwanza." Watoto wake nusu wakaenda huku, nusu kule, yeye akabaki katikati kama lile robota la pamba.

Basi jana. Mmekwishaelewa sasa. Jeneza liko kando ya kaburi, jua la saa nane, na kwa sababu watoto wake wako pande mbili wamekuja mchungaji na shehe, na kila mmoja na kipaza sauti chake. Mchungaji akasema hatachukua muda mrefu, marehemu alikuwa njiani kuja kwetu, na kwa wale wasiojua, mkutano wa injili unaanza Alhamisi. Shehe akasema yeye naye ni mfupi, marehemu alikuwa karibu sana na sisi, na kwa wale wenye watoto, madrasa ina jengo jipya. Mchungaji akakumbuka kitu kuhusu kwaya. Shehe akakumbuka kitu kuhusu madrasa. Saa kumi imefika. Na wallahi nikaona vijana wawili wanahamisha viti vyao kwenda upande wenye kivuli, na nikasikia ulimi unaanza kuniwasha, nikaung'ata.

Ndipo akainuka mjane. Mbula yule yule, huyu bibi yenu Mama Kabula, na fimbo yake. Akapita katikati ya vipaza sauti vyote viwili, akasimama kwenye ukingo wa kaburi, akatazama chini, akatazama jeneza, akapaza sauti iliyofika mpaka kituo cha treni:

"Jamani, mshusheni huyo shimoni, akajionee mwisho mwenyewe!"